Kuhariri picha bila kuharibu asili: mwongozo wa kuchagua programu, kutoka Jebel hadi ughaibuni

Picha ya harusi iliyopigwa karibu na Soko la Jebel mjini Juba yaweza kuwa kumbukumbu pekee itakayobaki mikononi mwa ukoo uliotawanyika kutoka Yei hadi Melbourne. Usalama wake hautegemei kamera peke yake. Unategemea pia programu inayotumiwa kuihariri, na nidhamu ya kuifanyia kazi bila kuigusa ile ya asili.

Mambo muhimu

• Uhariri usioharibu huiacha faili ya asili kama ilivyotoka kwenye kamera. Mabadiliko yote huandikwa kando.
• Kwa mazingira ya Juba, programu inayofaa ni ile inayofanya kazi bila intaneti na isiyomfungia mtumiaji mlango pale malipo yanapokatika.
• darktable, RawTherapee na GIMP hupatikana bure na kihalali.
• Picha za pasi na picha za habari zina kanuni zake, na mara nyingi faili ya asili ndiyo shahidi pekee.

Thamani ya picha moja

Jebel ni eneo la kusini-magharibi mwa Juba, chini ya mlima Jebel Kujur, kwenye barabara iendayo Yei. Jina lake ni la Kiarabu, nalo ni ndugu wa neno jabali katika Kiswahili. Katika soko lake Kiarabu cha Juba hukutana na Kiswahili cha wafanyabiashara kutoka Kenya, Uganda na Kongo, na cha Wasudan Kusini waliokulia kambini Kakuma, kambi iliyofunguliwa kaskazini mwa Kenya mwaka 1992.

Eneo hilo limeshuhudia pia misukosuko ya nchi. Mapigano yaliyozuka Juba mwezi Desemba 2013, na yale ya Julai 2016 yaliyofika Jebel kwenyewe, yaliwalazimu maelfu ya watu kuyaacha makazi yao, wengi wakikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa iliyo chini ya mlima huo. Anayekimbia risasi hachukui albamu. Aghalabu huondoka na watoto, nguo alizovaa na simu iliyo mfukoni.

Ndiyo maana suala la kuhariri picha, ambalo kwingineko huonekana kuwa la mafundi na wapenda sanaa, lina uzito wa pekee kwa familia za Sudan Kusini. Picha ya marehemu baba iliyokatwa kingo, ikang'arishwa kupita kiasi, kisha ikahifadhiwa juu ya ile ya kwanza, haiwezi kurudishwa. Kilichofutwa kimefutwa.

Uhariri usioharibu ni nini?

Waliowahi kupeleka filamu studio kusafishwa wanaijua tofauti kati ya negativu na picha ya karatasi. Karatasi ingeweza kukatwa, kupakwa rangi au kuchanika; negativu ikibaki salama, picha nyingine ingesafishwa. Uhariri usioharibu unafuata mantiki hiyohiyo katika zama za kompyuta.

Katika uhariri wa kawaida, programu hubadilisha pikseli zenyewe, na mtumiaji anapobonyeza kitufe cha kuhifadhi, faili mpya huchukua nafasi ya ile ya zamani. Zaidi ya hayo, faili ya JPEG hubanwa kila inapohaririwa na kuhifadhiwa upya, na kila mara hupoteza taarifa kidogo. Mara moja au mbili jicho halitambui. Baada ya mara nyingi, nyuso huanza kuonyesha miraba na kingo za vitu hupata ukungu.

Katika uhariri usioharibu, programu haiigusi picha. Huandika orodha ya maelekezo: ongeza mwangaza kiasi fulani, punguza weupe wa anga, kata upande wa kushoto. Maelekezo hayo hutunzwa ndani ya hifadhidata ya programu, au katika faili ndogo inayokaa pembeni ya picha, ambayo kwa kawaida huwa na ukubwa wa kilobaiti chache tu. Picha inapofunguliwa, programu huyasoma maelekezo na kuonyesha matokeo. Yakifutwa, picha hurudi ilivyokuwa siku ilipopigwa.

Faida hiyo inaonekana wazi umeme unapokatika ghafla. Mtambo wa megawati 33 ulizinduliwa Juba mwaka 2019, lakini jenereta na paneli za sola zingali sehemu ya maisha ya biashara nyingi. Kompyuta ikizimika katikati ya kuhifadhi juu ya faili ya asili, faili hiyo yaweza kuharibika kabisa. Ikizimika wakati maelekezo tu ndiyo yanayoandikwa, hasara ni dakika chache za kazi, na picha yenyewe inabaki salama.

Faili ghafi au JPEG?

Kamera nyingi za kisasa, na simu kadhaa za hali ya juu, zinaweza kuhifadhi picha kama faili ghafi, yaani taarifa zote zilizokusanywa na kihisio kabla ya kamera kuamua chochote kuhusu rangi na mwangaza. Canon huziita CR3, Nikon NEF na Sony ARW. Adobe ilianzisha mwaka 2004 muundo wa DNG, ambao maelezo yake yako wazi kwa kila mtengenezaji.

Tofauti yake na JPEG ni ya kihesabu. JPEG hutunza ngazi 256 za mwangaza kwa kila rangi ya msingi. Faili ghafi ya biti 12 hutunza ngazi 4,096, na ya biti 14 hutunza 16,384. Ngazi hizo za ziada hazionekani mpaka picha inapohitaji kuokolewa.

Chukua mfano wa picha ya pasi. Mteja mwenye ngozi nyeusi sana hukaa mbele ya kitambaa cheupe. Kipimo cha kamera hudanganywa na weupe mwingi ulio nyuma, kikapunguza mwanga, na uso ukatoka na giza. Mpiga picha mwenye haraka huiangaza JPEG yote kwa pamoja: vivuli hujaa chenga, ngozi hupata rangi ya kijivu na alama za uso hupotea. Akiwa na faili ghafi, anaweza kuinua mwangaza wa uso peke yake na kuacha ngozi ibaki na rangi yake halisi. Lililo bora zaidi ni kuongeza mwangaza kwenye kamera kabla ya kupiga. Hakuna programu inayoweza kurudisha taarifa ambazo hazikunaswa.

Gharama ya faili ghafi ni nafasi. Picha ya megapikseli 24 huchukua takribani megabaiti 25 hadi 50, mara kadhaa zaidi ya JPEG. Kwa sababu hiyo wapiga picha wengi huweka kamera zao zihifadhi zote mbili: JPEG ya kumpa mteja papo hapo, na faili ghafi ya kutunza.

Maswali manne kabla ya kuchagua programu

Je, inafanya kazi bila intaneti? Kebo ya mkongo kutoka Uganda ilifika Juba mwaka 2020, lakini kasi na bei ya intaneti si suala pekee. Tarehe 22 Januari 2025, mamlaka ya mawasiliano ya Sudan Kusini iliagiza kampuni za simu zifunge Facebook na TikTok, kufuatia kusambaa kwa video za mauaji ya Wasudan Kusini nchini Sudan. Amri hiyo iliondolewa siku chache baadaye, lakini kwa siku hizo aliyekuwa ameweka picha zake kwenye mitandao hiyo peke yake alikosa njia ya kawaida ya kuzifikia. Programu inayotunza kila kitu kwenye mtandao hubeba hatari ya namna hiyo.

Je, inalipiwaje? Tangu mwaka 2013, Adobe imeielekeza biashara yake kwenye malipo ya kila mwezi au mwaka. Mtindo huo humhitaji mtumiaji awe na kadi inayokubaliwa kimataifa na fedha za kigeni kila wakati, mambo ambayo si rahisi kwa kila kibanda cha picha Juba.

Je, kompyuta iliyopo inaiweza? Programu yenye zana nyingi ikifunguliwa kwenye kompyuta mpakato ya zamani yenye kumbukumbu ndogo itamchosha mtumiaji na kumrudisha kwenye njia za mkato.

Je, mtu anaweza kuihama? Mwaka 2014 Apple ilitangaza kuacha kuiendeleza Aperture, programu iliyokuwa ikitumiwa na wapiga picha wengi. Waliojenga maktaba zao humo walilazimika kuhamia kwingine. Maelekezo ya programu moja kwa kawaida hayasomeki kikamilifu katika nyingine. Anayehama huhama na asili zake na nakala alizokwisha kuzikamilisha; mapishi yenyewe mara nyingi hubaki nyuma.

Programu zilizopo

Lightroom Classic ya Adobe, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2007, ndiyo iliyoenea zaidi miongoni mwa wataalamu. Hutunza maelekezo kwenye katalogi na inaweza pia kuyaandika katika faili za pembeni za XMP, mpangilio unaofaa kuwashwa tangu mwanzo. Malipo yakikatika, mtumiaji bado anaweza kuziona picha na kutoa nakala, lakini sehemu kuu ya kuhariri hufungwa.

darktable, iliyoanza mwaka 2009, ni ya bure na msimbo wake uko wazi kwa umma. Hufanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux bila kuhitaji intaneti, na huandika faili ya XMP kando ya kila picha. Ugumu wake uko katika wingi wa zana; anayeanza hana budi kutenga majuma kadhaa ya kujifunza. RawTherapee nayo ni ya bure na hutunza maelekezo katika faili za pembeni, ingawa imejikita zaidi katika kutayarisha faili ghafi kuliko kupanga maktaba.

Photoshop, iliyotolewa mwaka 1990, na GIMP, iliyoanza katikati ya miaka hiyo ya 1990, ni za kazi nyingine: kuunganisha picha, kuondoa mikwaruzo kwenye picha za zamani, kuweka maandishi. Hapa kutoharibu hutegemea mtumiaji. Badala ya kuchora juu ya picha, huongeza tabaka jipya juu yake na kufanya kazi humo. Toleo la 3.0 la GIMP, lililotoka Machi 2025, liliwezesha athari nyingi kubaki zikibadilika hata baada ya kuwekwa.

Kwa simu, Snapseed ya Google ni ya bure, hufungua faili za DNG na humwezesha mtumiaji kurudi kwenye hatua alizopitia. Lightroom ya simu ina sehemu ya bure, japo baadhi ya zana hulipiwa. Ni vyema kuchagua daima kuhifadhi nakala mpya badala ya kuandika juu ya picha iliyopo.

Kuna njia nyingine inayojulikana masokoni: programu za kulipia zilizovunjwa kufuli na kuuzwa kwa bei ya chai. Mbali na kuvunja sheria, nakala hizo ni mlango wa virusi, na kirusi kimoja kinaweza kufunga au kufuta picha za wateja wa miaka mingi. Penye programu za bure na halali, hatari hiyo haina sababu.

Utaratibu wa kazi, hatua kwa hatua

Kwanza, nakili, usihamishe. Picha hunakiliwa kutoka kadi ya kumbukumbu kwenda kompyuta, na kadi haifutwi mpaka nakala ya pili iwepo mahali pengine na imefunguliwa kuthibitishwa.

Pili, panga kwa tarehe. Folda yenye jina kama 2025-07-09_harusi_jebel hujipanga yenyewe kwa mfuatano, na mtu mwingine ataielewa hata miaka ishirini baadaye.

Tatu, andika maelezo kabla ya kupamba. Ni nani aliye pichani, wapi, lini na nani aliyepiga: mambo hayo huingizwa katika sehemu ya maelezo ndani ya programu. Mwangaza unaweza kurekebishwa wakati wowote, lakini jina la bibi aliyesimama nyuma huulizwa angali hai anayelijua.

Nne, chagua, kisha hariri. Mpangilio wenye mantiki huanza na mwangaza na uwiano wa rangi, hufuata sehemu angavu na vivuli, kisha kukata kingo, halafu marekebisho ya sehemu ndogo kama uso. Kunoa picha huachwa mwisho, kwa kuwa kiasi kinachohitajika hutegemea iwapo picha itachapishwa au itatazamwa kwenye simu.

Tano, toa nakala kulingana na matumizi. Nakala ya kuchapisha huwa kubwa, nakala ya mtandaoni huwa ndogo, na zote huwekwa katika folda tofauti na asili. Mteja akirudi na kusema uso umeng'aa mno, hakuna kinachoanza upya. Hubadilishwa maelekezo na kutolewa nakala nyingine.

Sita, tunza nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja iwe mbali na nyumbani au kazini. Kanuni hiyo ilienezwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh. Kwa Jebel, hiyo yaweza kumaanisha kompyuta ya kibanda, diski ya nje inayolala nyumbani, na diski nyingine kwa ndugu aliye Kampala au Nairobi. Kinachonakiliwa ni picha pamoja na katalogi na faili za pembeni. Bila hizo, picha husalimika lakini kazi yote ya uhariri hupotea.

Asili kama ushahidi

Katika picha za utambulisho, marekebisho yenyewe yanaweza kuwa kosa. Marekani na Uingereza, kwa mfano, huagiza kwamba picha ya pasi isiwe imebadilishwa kwa programu ya kompyuta. Vichujio vya urembo vya simu, ambavyo baadhi hulainisha na kung'arisha ngozi bila kuulizwa, havifai kabisa kwa kazi hiyo. Mwombaji anayeombewa picha na ndugu wa ughaibuni anafaa kupigwa upya kwenye mwanga mzuri, si kusahihishwa.

Katika habari, mipaka ni mikali vilevile. Januari 2014 shirika la Associated Press lilikata uhusiano na Narciso Contreras, mmoja wa washindi wa Tuzo ya Pulitzer, kwa kuondoa kamera ya video ya mwenzake iliyoonekana pembeni mwa picha aliyoipiga Syria. Shirika hilo lilipitia karibu picha zake 500 na halikuona nyingine iliyobadilishwa, lakini hilo halikuubadili uamuzi wake. Mwaka uliofuata, shindano la World Press Photo liliondoa takribani asilimia 20 ya picha zilizofika hatua ya kabla ya mwisho, baada ya kuzilinganisha na faili zake za asili.

Mashirika hayafuati desturi moja. Mwishoni mwa 2015 Reuters iliwaagiza wapiga picha wake wa kujitegemea watume tu JPEG zilizotoka moja kwa moja kwenye kamera, zisiwe zimetayarishwa kutoka faili ghafi. Kwa anayeuza picha za Juba kwa vyombo vya kimataifa, kuwa na zote mbili ni kinga. Asili inaweza kuthibitisha kwamba tukio lilikuwa hivyo. Aliyeifuta hana cha kumjibu anayemtilia shaka.

Kutuma picha kati ya Juba na ughaibuni

Makosa mengi hutokea njiani. WhatsApp inapotuma picha kwa njia ya kawaida huipunguza ukubwa na kuondoa maelezo yaliyomo, ikiwemo tarehe ya kupigwa. Picha ileile ikitumwa kama waraka, huwasili kamili. Hivyo familia iliyoko Australia au Canada inayotaka kuchapisha picha ya mzazi kwa ukubwa wa ukutani inapaswa kuomba itumwe kama waraka, na kuuliza iwapo asili bado ipo. Kinyume chake, kuondolewa kwa maelezo hayo ni faida pale ambapo mahali picha ilipopigwa hapafai kujulikana.

Kwa albamu za karatasi, kinachofaa ni kuziskani au kuzipiga picha kwenye mwanga wa kivulini, kuhifadhi nakala hiyo bila kuisahihisha, kisha kufanyia ukarabati nakala nyingine. Mkwaruzo na doa ni sehemu ya historia ya picha, na programu ya kesho inaweza kuukarabati vizuri zaidi kuliko ya leo.

Historia ya nchi yenyewe inatoa funzo. Nyaraka za serikali zilizonusurika vita zilikaa kwa miaka kadhaa ndani ya hema mjini Juba, kabla ya wizara ya utamaduni na Taasisi ya Rift Valley kuzipanga na kuanza kuziweka katika mfumo wa kidijitali. Nazo picha ambazo mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard alizipiga miongoni mwa Wazande na Wanuer katika miaka ya 1920 na 1930 zinaweza kutazamwa leo na wajukuu wa waliomo, kwa kuwa zilitunzwa katika Makumbusho ya Pitt Rivers mjini Oxford pamoja na kumbukumbu zake. Tofauti ni kwamba hifadhi hiyo iko Uingereza, mbali na wenyewe. Siku hizi mwenye kibanda Jebel, akiwa na diski mbili, programu ya bure na utaratibu anaoufuata kila siku, anaweza kuitunza hifadhi ya majirani zake papo hapo mtaani.